Dawa ya Maziwa

Nianze na kosa langu, maana nikiliacha katikati ya habari mtasema nilikuwa nalificha. Daktari alinipa maneno manne ya Kifaransa nimtafsirie mama yangu. Nilitafsiri moja na nusu. Yaliyobaki niliyameza mwenyewe, na yaliyotufika baadaye yote yalitoka humo.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, nchi ikiitwa Zaire, nami nafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa Bunia. Watu wa mtaa wetu, Mudzipela, waliniita Madamu kama walimu wote wa kike, na nyuma ya mgongo waliniita Madamu Pilipili. Sikatai. Mama aliishi nami tangu baba alipofariki. Alikuwa mkulima wa upande wa Djugu, mwanamke mrefu mwenye viganja vikubwa, asiyejua kusoma na asiyeona aibu kwa kutojua. Miaka minne nyuma walimkata ziwa la kushoto katika hospitali ya misheni, safari ya siku nzima kwa lori kutoka kwetu. Kidonda kilipona vizuri. Alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza pamba, na siku za Jumapili alikitia ndani ya blauzi. Siku za kazi hakujisumbua nacho. Kwake ule ugonjwa ulikuwa umekwisha, kama jino bovu likishang'olewa, nami nilipenda kuamini hivyo hivyo.

Halafu mgongo ukaanza kumuuma. Baada ya mgongo, nyonga ya kulia. Bunia ya wakati ule kila maumivu ya mtu mzima yalikuwa na jina moja tu, rimatisi. Shingo ikikaza, rimatisi. Goti likilia, rimatisi. Akaja mama mmoja mkandaji na chupa ya bia iliyojaa mafuta ya chatu, akawa anamkanda mama jioni tatu kwa wiki, nyumba nzima inanuka, madaftari yangu ya shule yananuka. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama nimeanza kufuga nyoka. Nilivumilia miezi minne. Siku mama aliposhindwa kuinama achume sombe, majani ya muhogo, katika kiwanja chetu, nilisema basi, likizo kubwa ikifika tunarudi kwa wale waliomkata.

Walimpiga foto ya mifupa. Daktari alikuwa Mzungu kijana, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha kuuliza kama umeenda choo. Kwa kawaida infirmie, muuguzi mmoja mzee, ndiye aliyemtafsiria, lakini siku ile infirmie alikuwa chumba cha pili anafunga kidonda cha mtu, na daktari alipojua kwamba mimi ni mwalimu alifurahi. Akainua ile foto kwenye dirisha. Mfupa wa nyonga ulikuwa na matundu, kama nguo iliyoliwa na mende. Akaanza kunieleza, taratibu, akihesabu kwa vidole.

La kwanza, ugonjwa wa ziwa haukuisha, umeingia ndani ya mifupa. La pili, hakuna wa kuutoa tena, ila kuna dawa ya kutoka Ulaya, kidonge kimoja kila siku, inayoweza kuulaza mwaka mmoja, pengine miwili au zaidi. La tatu, majuma ya kwanza maumivu yanaweza kuzidi, asishtuke, asiache. La nne, asiruke hata siku moja, maana kandege, ndege ndogo ya misheni, huleta dawa ile mara mbili tu kwa mwaka, na yeye hana pengine pa kuitoa. Kisha akaniambia, "Mwelezee mama yako."

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kupimia, amevaa kitenge chake kizuri na kile kifuko cha pamba, ingawa haikuwa Jumapili. Aliniangalia mdomo. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema mifupa imechoka, mama. Ni rimatisi. Na anakupa dawa ya maziwa, ile ugonjwa isirudi tena. Kila siku kimoja."

"Maneno yote ile ni hivyo tu?"

"Kifaransa iko kirefu," nilimjibu.

Sikuwa na nia mbaya. Niliogopa. Kwetu jina la ugonjwa ule halitamkwi mbele ya mgonjwa. Watu huinamisha kichwa na kusema "ile kitu", na mgonjwa akishalisikia mara moja huacha kula, hugeukia ukuta, na ndugu wanaanza kuulizana ni nani alimroga. Nilijiambia atameza kidonge chake, litakalobaki nitalibeba mimi. Nilijiona mwerevu sana. Leo nikikumbuka werevu ule natamani kujizaba kofi.

Vidonge vilikuwa katika mfuko wa karatasi. Nyumbani, kwa sababu ya mende waliojaa jikoni, nilivihamishia katika mkebe mtupu wa maziwa ya unga, nikaupanga juu ya kabati la jikoni. Mama hakusoma, lakini ng'ombe aliyechorwa kwenye mkebe alimwona kama sisi wote. Jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliyewafundisha watoto mwaka kwa mwaka kwamba neno moja linaweza kuwa na kazi mbili au tatu, na mfano wangu ulikuwa huo huo, ziwa la maji na ziwa la mama, maziwa kifuani na maziwa katika kikombe. Watoto walicheka, nami nikapiga rula mezani. Lugha yetu imefanya uchoyo hapo, imetupa neno moja tu kwa kifua cha mwanamke na kwa kinachotoka ndani yake. Sikuona hatari yoyote.

Majuma matatu ya kwanza maumivu yalizidi, kama daktari alivyosema. Mama alilia akigeuka kitandani, yeye aliyezaa watoto sita bila kulia. Majirani walileta majani, walileta maombi, walileta kila aina ya shauri. Nami moyoni nilijipongeza, maana nilijua ni dawa inafanya kazi, na mama hakuweza kuilaumu dawa, kwani kwake dawa ilikuwa ya maziwa na maumivu yalikuwa ya rimatisi. Aliendelea kumeza bila shida. Niliona uongo wangu umemwokoa. Ndivyo uongo unavyokulevya, unakupa faida kwanza.

Mwezi wa pili alianza kulala vizuri. Mwezi wa tatu alitembea mwenyewe mpaka soko la Mudzipela, akarudi na samaki wa chumvi na mafungu mawili ya mboga za lengalenga, anatembea polepole lakini anatembea. Nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nilie. Jioni mama mkandaji alikuja na chupa yake, na mama akamshika mikono yote miwili, akamwambia mbele yangu, "Mafuta yako iko na nguvu. Chatu ni chatu." Mkandaji akanitazama kwa ushindi. Ningesema nini? Kwamba si chatu, ni kidonge? Angeuliza, kidonge cha maziwa kinafanya nini ndani ya nyonga? Nikaleta chai, na chatu akachukua sifa zote.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja aliyehamia kutoka upande wa Butembo, mwenye kibanda cha vitenge, mtu wa kanisa na wa vicheko vingi. Mkwe wake, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, alijifungua mtoto wa kwanza wakati huo, na maziwa yakakataa kutoka. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu mtoto alilia mchana kutwa na ukuta ulikuwa wa udongo tu. Walimnywesha msichana uji wa karanga na mchuzi wa samaki, wakamfunga vitambaa vya moto kifuani. Nilimhurumia, nikapeleka sukari kidogo, nikarudi kwa madaftari yangu.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa uani nachambua maharagi. Yule jirani akaingia, amevaa vizuri, akanipa mkono kwa heshima, akakaa.

"Madamu, tulikuya kusema aksanti."

"Aksanti ya nini, mama?"

"Ya ile dawa. Ila utuongezee kidogo. Ile ya mwanzo imekwisha, na mutoto angali analia tu. Ile maziwa kidogo yenye ilikuwa inatoka, nayo sasa imekauka."

Nikamwuliza, "Dawa gani?"

"Si ile ya maziwa? Mama yako alikuwa anamupatia mukwe wangu mbili kila asubui. Mungu amubariki, iko na roho nzuri."

Sikumbuki niliyamwagaje. Nakumbuka maharagi yalikuwa chini yote na kuku wa jirani wanayala, na mimi nipo jikoni juu ya kiti, mkono ndani ya mkebe. Nilikuta vidonge kumi na kimoja. Vilitakiwa kuwa zaidi ya hamsini.

Mama alikuwa kwenye mkeka, anasokota kamba. Nilimwita kwa sauti ambayo mtoto hamwiti mzazi wake. Nilimwuliza anajua alichofanya. Nilimwuliza kama amerukwa na akili. Aliacha kamba yake, akaniangalia bila haraka.

"Kwa nini unanitolea macho vile? Dawa ilikuwa inakaa bure tu mu mukebe. Mimi ziwa walikata, ikaisha. Rimatisi, chatu imeiponesha. Dawa ya maziwa mimi nafanya nayo nini? Ule mutoto muke iko na mawili, yote kavu. Njo nikamupatia mbili, moja ya huku, moja ya huku."

Akanionyesha kwa mkono, kifuani, kushoto na kulia, kama mtu anayemfundisha mjinga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Hesabu yake ilikuwa safi, hata mwanafunzi wangu wa kwanza darasani asingeifanya vizuri zaidi. Aliyeweka namba za uongo ubaoni ni mimi.

"Na weye mwenyewe uliacha kumeza tangu lini?"

"Tangu mwezi iliyopita. Nilikuwa mzima."

"Ile dawa iko yako, mama. Yako peke yako."

"Ya nini?"

Ulibaki ukweli tu. Nikakaa chini, nikamwambia yote manne, kwa mpangilio ule ule wa vidole vya daktari. Jina la ugonjwa nililitamka pia. Nilimwambia hakukuwa na rimatisi wala chatu. Hakulia. Hakugeukia ukuta. Alichukua kamba yake, akaisokota kidogo, akaiweka tena.

"Tangu siku gani unajua?"

"Tangu kule hospitali."

"Na weye ukanyamaza."

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini? Mifupa iko yangu." Halafu akasema, "Kama ungenielezea, singetoa hata moja. Unafikiri mimi sipendi kuishi?"

Swali lake lililofuata lilikuwa juu ya mtoto wa jirani, kama zile dawa zimemdhuru. Sikujua. Tuliambiwa baadaye kwamba vidonge vile vinaweza kukausha maziwa badala ya kuyaleta. Mama alinituma siku ile ile nikamwambie yule msichana kwamba si yeye mwenye kosa, kwamba kifua chake hakina laana, ni sisi tuliomkosea. Nilikwenda. Jirani hakucheka tena nami mwaka mzima, na alikuwa na haki. Mtoto walimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji. Aliishi, alikua. Nilikuja kumfundisha darasani kwangu, kichwa kigumu kama jiwe, na sikuthubutu kumpiga hata siku moja.

Vidonge kumi na kimoja viliisha kwa siku kumi na moja. Hapo nikaanza kuzunguka Bunia kama pia. Farmasi ya kwanza walinipa aspirini. Ya pili walitaka kuniuzia kinini ya malaria. Ya tatu, nimechoka, jua la saa saba limenipiga kichwani, nilijisahau nikasema natafuta dawa ya maziwa, jina lile lile la balaa. Kijana wa nyuma ya meza aliniuliza kwa adabu, "Ya ngombe ao ya mbuzi, Madamu?" Nilitoka bila kuaga. Nilitembea mpaka ofisi ya misheni ambako mizigo ya kandege hupokelewa. Baba mmoja wa ofisi hiyo alinijua kwa sura, kisha akanijua kwa hatua, mwishowe hakunisubiri hata nifike mlangoni. Alitikisa tu kichwa kutoka mezani. "Haiyafika." Juma hili mvua. Juma lijalo petroli. Juma la tatu kandege kamekuja lakini kameleta Biblia na nati za trakta. Nilimwuliza kama Biblia zile zingeoza zikingoja juma moja zaidi. Aliniambia nina mdomo mchafu kwa mwalimu wa watoto. Nilimwambia ndiyo, na kesho yake nikarudi.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Nyonga ilianza tena, kisha mbavu. Mama aliacha kwenda soko, akaacha kwenda kiwanja, akaacha kwenda misa. Mama mkandaji alipokuja na chupa, mama alimkaribisha vizuri, akamwambia leo tuongee tu. Mimi hakunilaumu tena. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alikuwa mpole nami, anasema aksanti kwa kila kikombe cha maji, kama unavyomshukuru mgeni, na mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima. Niligombana na mkubwa wa shule. Niligombana na fundi wa paa. Jioni moja niligombana na redio mpaka nikaizima.

Lilipofika sanduku la dawa, ujumbe ulikuja kwamba daktari anataka kumwona mama kabla ya kumpa. Nilimpangia godoro nyuma ya lori, katikati ya magunia, nikakaa na kichwa chake mapajani mwangu njia yote. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti. Hospitalini walimpiga foto nyingine. Daktari yule yule aliiinua dirishani, akaiangalia kwa muda mrefu, na uso wake ukakunjamana. Mama alikuwa amekaa kitini, fimbo mikononi. Daktari akageuka kwangu, akavuta pumzi, akaanza kwa Kifaransa.

Mama akainua kiganja chake kile kikubwa, na daktari akanyamaza.

"Mama," aliniambia, maana akinamama wa kwetu huwaita binti zao mama wanapowapenda, "weye toka inje. Uniitie ule infirmie, ule muzee. Yeye atanielezea."

"Mama, niko hapa. Nitasema yote, neno kwa neno. Naapa."

"Najua. Toka."

Nilitoka. Infirmie mzee alifuta mikono, akaingia, akafunga mlango taratibu kwa heshima. Nilikaa kwenye benchi la baraza kati ya watu wenye bahasha za foto magotini. Nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Nilisikia daktari, kisha infirmie, kisha mama anauliza swali refu. Mara moja nilimsikia anacheka. Nilishika mbao za benchi ili nisisimame nikabandike sikio mlangoni, mimi mwanamke wa miaka thelathini na mitano.

Alitoka na mfuko wa vidonge mkononi, ameushika mwenyewe. Nikamwuliza, "Amesema nini?"

"Alisema na mimi," alinijibu, na akaomba mkono wa kupandia lori.

Alimeza kidonge kila asubuhi bila kukumbushwa. Juma lile lile alimwita mdogo wake kutoka Bambu, wakakaa wawili saa nzima, na mjomba alipotoka alinipita bila kuniangalia machoni. Aligawa vitenge vyake kimoja kimoja, huyu leo, yule mwezi ujao, kwa mpangilio alioujua yeye. Niliuliza mara ya pili, na ya tatu, na mara zote alibadilisha maneno, akaniuliza habari za darasa langu. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani muda wote uliobaki, na kila nilipomwekea maji ya kumezea sikujua tuna siku ngapi. Yeye alijua.